Dole Gumba

Makopo mawili yalifika na basi la asubuhi,
yamefungwa kwenye gazeti kama mayai ya kienyeji.
Karani wa stendi akatikisa moja sikioni:
"Asali, sista?"
Nikasema ndiyo. Ningeanzaje kumwambia
kwamba nesi wa zamu ya usiku, miaka arobaini na saba,
amenunua resini ya kuchezea?

Mafinga, Juni. Ukungu umeshuka toka misonobarini
ukakaa uani kama mgeni asiyeaga.
Baba yangu alikwangua magome ya miti hiyo hiyo,
akaning'iniza vikombe, akasubiri utomvu:
tone, na tone, na wiki.
Alirudi nyumbani mikono inanata,
hata kijiko cha chai kilimng'ang'ania.
Utomvu wangu mimi umekuja na karatasi ya maelekezo.

Vipimo viwili vya A, kimoja cha B.
Hapo sikuogopa. Nimepima dawa za watoto
kwa tochi ya simu, umeme umekatika, mama analia.
Bomba la sindano jipya, la kununua, si la wodini,
naliandika hili ili Sekela alisome.
Koroga polepole, huu si ugali;
mkono ukikaza, mapovu yanaingia
na hayatoki bila kubembelezwa.

Fungua dirisha, inasema karatasi.
Funga, inasema Juni.
Nikafungua nusu, nikavaa koti juu ya koti.

Kalibu ilikuwa kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando.
Ndani yake ua moja la pareto,
jeupe, kifua cha njano,
lililokauka wiki mbili katikati ya daftari la zamu.
Nikamimina. Likaelea, likakaidi, likageuka ubavu.
Nikalizamisha kwa njiti ya kiberiti,
na kwenye njiti, sijui katokea wapi,
sisimizi.
Nilijaribu kumtoa. Miguu sita ikavuta uzi mwembamba,
mrefu, unaong'aa.
Basi kaa. Atakayekufukua baada ya miaka elfu
na aseme kaharabu.

Baridi haikaushi kitu, hata nguo za watoto.
Nikaazima boksi la vifaranga kwa Mama Lutengano,
na balbu yake ya wati sitini.
"Unaangua nini?"
"Ua."
Akanitazama kama mtu anayekisia homa kwa macho.

Saa ishirini na nne, usiguse.
Saa tisa za usiku umeme ukakatika.
Saa kumi na moja nilikuwa nimeinua boksi,
na mimi, ninayewaambia watu kila siku
usikwangue kidonda, usichungulie chini ya bandeji,
niligusa.

Ikanishika.
Haikuuma. Ilinishika tu,
kama kijiko kile kilivyomshika baba,
na nilipojinasua ilikuwa imeshachukua chake.

Siku ya tatu ikawa ngumu.
Juu ya pareto iliyolala ubavu,
juu ya sisimizi mwenye mguu mmoja hewani,
dole langu: mistari, kizingo,
na kovu dogo la kisu cha viazi.

Miaka ishirini na mbili nashika madole ya watu,
nayabonyeza kwenye wino wa zambarau,
nayapeleka kwenye fomu: hapa, bibi,
hapa, unakubali kupasuliwa.
Mengine yalitetemeka. Moja lilinuia kutoroka.
Sikuwahi kulitazama hata moja.
Nilikuwa natafuta mahali pa tarehe.

Langu nimelikodolea nusu saa, chai imepoa.

Sekela kaona, kacheka, kasema piga msasa,
namba mia nne, kwa maji, litatoka lote.
Msasa ninao. Nimeuweka kwenye droo ya vijiko.
Jumamosi sina zamu: namimina la pili,
na mkono huu wa kulia
nitaukalia.